Mtani Wake ni Nani?

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa kofia kabla sijashikishwa spana. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika depo ya malori ya kampuni moja ya umma pale Iringa mjini. Nilikuwa nimetoka Songea, kijana mwembamba mwenye cheti cha shule ya ufundi na viatu vya kuazima, na mlinzi wa getini alinielekeza stoo nikachukue ovaroli. Dirishani alikaa Mtunza Stoo, Mzee Mhema, mtu mfupi wa Kihehe mwenye sharubu zilizochongoka. Aliniuliza jina. Nikasema naitwa Ngonyani. Jina hilo halina maficho. Anayelisikia anajua umetoka kwa Wangoni. Mkono wake ukachomoka dirishani na kofia yangu ikaenda nao.

"We Mngoni! Nani kakuruhusu kupita Iringa umevaa kofia ya babu yangu?"

"Babu yako alikuwa na kofia?" nikamjibu. "Si alikuwa anavaa ngozi ya mbwa aliyemla jana yake?"

Mafundi waliokuwa foleni walishika matumbo kwa kucheka. Mzee Mhema alicheka kuliko wote, akanipa ovaroli mpya, wakati wenzangu walioanza siku ile walipewa zenye viraka. Kofia hakunirudishia hadi nilipoikomboa kwa kopo la ulanzi, ile pombe ya mianzi.

Nyie vijana mnadhani utani ni mzaha wowote wa kuchekesha watu. Sivyo. Utani una mipaka na una wenyewe. Babu zetu Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, na baada ya kuuana vya kutosha, wakaona heri waachiane matusi kuliko mikuki. Ndiyo maana Mhehe akininyang'anya chakula mbele ya watu siwezi kukasirika, nami nikimwita mla mbwa, naye hakasiriki. Lakini matusi ni nusu tu ya mkataba. Nusu nyingine ni jembe: mtani wako akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuchimba kaburi, kupika, na kuwachekesha wafiwa.

Mwaka wangu wa pili kazini baba yangu alifariki. Mzee Mhema alidandia lori la mahindi hadi Songea bila kuombwa na mtu. Alichimba kaburi, kisha akashuka ndani, akajilaza chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo mwekundu. Mama yangu, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu msiba uanze, alicheka huku machozi yakimtoka, na baada ya mazishi akaomba uji. Kuanzia hapo nilijua utani ni wa nini.

Sasa nirudi kazini. Depo yetu ilihudumia malori ya barabara ya Zambia. Yalikuja kutoka Dar es Salaam na mafuta na mbolea, yakipanda mlima wa Kitonga yanachemsha injini, na yakirudi yanashuka Kitonga huku breki zinanuka. Breki zilikuwa ndiyo mkate wetu. Tulivua ngoma, yaani lile duara la chuma linalozunguka na gurudumu, tukabadilisha laini zilizolika, zile zinazobana ngoma, tukatoa hewa kwenye mabomba, na lori likaendelea na safari. Siku hizi fundi anachomeka kompyuta na kusubiri iseme. Sisi tulinusa, tulisikiliza, tulilala chini.

Na kulala chini ya lori kulikuwa na amri yake. Fomeni wetu, mkuu wa mafundi wote wa pale, alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno, ila hili alilisema kila Jumatatu. "Jeki inainua. Stendi inashika. Ukilala chini ya jeki peke yake, jeneza ukajipimie mwenyewe." Stendi ni kile kigoda cha chuma chenye miguu mitatu kinachowekwa chini ya ekseli baada ya jeki kuinua gari. Jeki ni ya mafuta. Sili yake, ule mpira unaozuia mafuta, ikichoka, inashuka bila kukuaga. Stendi haishuki. Fundi asiyeweka stendi ama ni mjinga, ama hajali kama atatoka.

Mwanagenzi Kosta aliletwa na mama yake. Alikuwa kijana wa kama miaka kumi na minane, mwembamba, nywele za mawimbi, ngozi ya rangi ya chai ya maziwa. Mama yake alikuwa Mhehe wa Kalenga. Baba yake alikuwa Mgiriki mwenye shamba la tumbaku, ambaye aliondoka nchini shamba lilipochukuliwa, hata kwaheri hakumwachia mtoto. Yule mama alisimama mbele ya Fomeni, kanga imefungwa kiunoni sawasawa, akasema, "Huyu ni mwanangu. Ana mikono mizuri. Mtoto wa watu msiniharibie." Fomeni akamwambia depo haiharibu watu. Alisema kwa nia njema.

Mikono kweli ilikuwa mizuri. Nilipewa nimfundishe, na ndani ya miezi michache alikuwa anafungua ngoma bila kuharibu hata bolti moja. Tatizo halikuwa mikono. Tatizo lilikuwa mdomo wa depo.

Depo yetu ilikuwa na watu wa kila kabila, na kila mmoja alikuwa na jina la kutaniwa. Kosta alipoingia, naye akapewa yake. Mzungu pori. Nusu kilo. Halafu likaja la kupe. Siasa ya wakati ule ilikuwa na maneno yake: mnyonyaji, bepari, kupe. Yalitungwa kwa ajili ya wenye mashamba makubwa na mabenki. Pale kwetu yakamwangukia kijana asiye na hata jozi ya pili ya viatu. Aliyekuwa na sauti kuliko wote ni Fidelis, mchomeleaji, mtu wa vichekesho, ambaye ungekaa naye ungempenda. Asubuhi Kosta akipita, Fidelis alizima moto wa gesi, akainua miwani yake myeusi, na kupaza sauti: "Jamani, kupe kaja! Angalieni damu zenu! Kupe, baba yako kaandika barua? Au anaona aibu rangi yako?"

Watu walicheka. Kosta naye mwanzoni alicheka. Kijana anayechekwa na watu wengi hucheka nao, ili aonekane yuko upande wao.

Kisha kicheko chake kikaisha, na vikaanza vitu vidogo vidogo. Alianza kula peke yake nyuma ya matairi makuukuu. Alianza kuangusha vifaa, yeye mwenye mikono ile. Ukimwita ghafla alishtuka kama aliyepigwa. Macho yakawa mekundu ya kukosa usingizi. Nyie sasa mna neno lenu, afya ya akili, na ni neno zuri. Sisi tulisema kijana kanyong'onyea, tukaishia hapo. Wengine walisema karogwa Kalenga.

Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta kwenye pipa la oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Alikuwa amekunja mikono ya ovaroli, anajipaka oili mikononi, shingoni, mashavuni, taratibu, kama mama anavyompaka mtoto mafuta.

"Kosta, unafanya nini? Kazi hata haijaanza."

"Si nitachafuka tu, fundi," akasema. "Najipaka mapema."

Kumbe ndiyo maana siku zote alikuwa mchafu kuliko sisi, na Fomeni alikuwa akimsifu kwamba yule ndiye kijana wa kazi. Alikuwa anaitafuta rangi yetu ndani ya pipa. Nilimwambia oili ile inaunguza ngozi, nikampa sabuni ya unga. Alinawa. Nilipomtazama mikono niliona vipele vya zamani, na moyo ukaniuma kwelikweli.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa mchana wa kawaida. Lori la mbolea lilikuwa limeinuliwa nyuma, magurudumu yameshavuliwa. Nilikuwa natoka stoo na laini mpya begani, nikaona buti mbili zimechomoza chini ya ekseli. Buti za Kosta. Nikatafuta stendi kwa macho. Zilikuwa zimesimama ukutani, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Lori zima lilikuwa juu ya jeki.

"Kosta, toka."

Buti hazikusogea.

"Kosta!"

"Niache tu, fundi."

Sikumvuta, maana kuvuta ni kutikisa. Niliweka laini chini polepole, nikachukua stendi, nikazisukuma chini ya ekseli, upande huu na upande ule, nikazipandisha mpaka zikagusa chuma. Ndipo nilipoweza kupumua. Kisha na mimi nikaingia chini, nikalala karibu yake. Hakuwa na spana mkononi. Alikuwa amelala tu, anaiangalia difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli.

"Kwa nini hukuweka stendi?"

"Ikianguka, itakuwa imeanguka tu."

Nilitaka kumgombeza. Namshukuru Mungu ulimi ulikuwa mzito. Nikanyamaza, naye akaanza kusema, macho yake bado yako juu. Alisema alipokuwa mdogo baba yake alimpeleka hadi kwenye geti la kilabu cha walowezi, na mlinzi akaambiwa amzuie mtoto, kwa sababu ni mweusi. Baba akaingia, yeye akabaki nje na dereva.

"Kule nilikuwa mweusi," alisema. "Hapa mnaniita kupe kwa kuwa mweupe. Kalenga wajomba zangu wanasema mtoto ni wa ukoo wa baba, na ukoo wa baba uko Ugiriki. Mtu wa kunijibia sina. Hata mtani sina, fundi. Nikifa leo, wa kunichimbia kaburi nani?"

Nimezeeka nikiyasikia maswali mengi, hilo halijanitoka. Kijana wa umri ule huuliza atapata lini pikipiki, atamwoa nani. Huyu alikuwa anauliza atazikwa na nani.

Fomeni alikuwa ameona. Kuvunja amri ya stendi kulikuwa kosa la kufukuzwa, basi sote watatu tukapelekwa kwa Meneja wa Depo, mtu wa Tanga, mnene, mpole, mwenye feni mezani ambayo haikuwahi kuzimwa hata kwenye baridi ya Juni. Kosta aliachwa kwenye benchi nje. Fomeni alieleza habari ya jeki. Nami nikaeleza habari ya majina.

"Ah, Ngonyani," Meneja akasema, "vijana wa siku hizi laini. Hayo si utani tu? Mimi mwenyewe hapa wananiita kila jina."

"Mzee, nikuulize," nikasema. "Wewe una watani?"

"Ninao wengi. Wananila mpaka mifupa."

"Na huyu kijana, mtani wake ni nani?"

Meneja akaweka kalamu chini, akanitazama. Feni iliendelea kuzunguka. Hata Fomeni aligeuka kunitazama.

"Mtu asiye na mtani hataniwi, mzee," nikasema. "Anatukanwa."

Meneja aliitazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Sheria ni sheria. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Akilala tena chini ya jeki, ataondoka, na wewe utanijibu." Tulipotoka nje, Fomeni, yule asiyependa maneno, aliniambia pembeni, "Mpeleke hospitali kwanza. Leo hii. Nina mdogo wangu tulichelewa."

Katika hospitali ya mkoa tulimpata Mama Muuguzi aliyeshughulikia wagonjwa wa namna hiyo. Hakuuliza nani kamroga. Aliuliza analala vipi, anakula nini, na wanamwita nani. Alikaa naye muda mrefu, kisha akanitoa nje kwa ruhusa ya Kosta mwenyewe.

"Huyu hana wazimu," akaniambia. "Amechoka kujilinda. Anayetukanwa kila siku kwa ajili ya ngozi yake hapumziki hata akiwa kitandani, maana ngozi haivuliki. Aje kwangu kila wiki tuzungumze. Asifanye kazi peke yake. Na wewe, fundi, usimwambie avumilie. Kavumilia vya kutosha."

Basi nikampa kazi ya kutoa hewa kwenye breki, nami nikawa mwenzake. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa juu kwenye usukani anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga koki ndogo ya bomba, na lazima wasemezane. Wa chini anaita, "Kanyaga!" Wa juu anajibu, "Nimekanyaga!" "Shika!" "Nimeshika!" "Achia!" Ukinyamaza, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Kosta alikuwa amefikia hatua ya kumaliza siku bila kusema na mtu, ila breki zilimlazimisha. Wiki ya kwanza nilikuwa namsikia kwa shida. Baadaye sauti yake ilivuka ukuta wa karakana.

Lakini majina yaliendelea. Jioni moja nilimsimulia mke wangu. Mama Tumaini alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mwanamke asiyezunguka mbuyu. Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama yake kabila gani?"

"Mhehe."

"Na wewe?"

"Mama Tumaini, wewe hunijui mimi Mngoni?"

"Nakujua. Ndiyo nakushangaa. Mtoto wa Mhehe anakwambia hana mtani, na wewe Mngoni umekaa hapo unakuna kichwa."

Nilimwambia wajomba zake hawamhesabu, kwamba mtoto ni wa baba. Akacheka. "Wewe mtanie kama Mhehe, mbele ya Wahehe wa depo. Waache wenyewe waamue kama watakubali Mngoni amchezee mtu wao, au watasema si wao."

Kesho yake wakati wa chakula niliondoka na sahani ya Kosta. Nikasimama katikati ya karakana, nikala tonge la kwanza mbele ya wote. "Wahehe hamjui kupika," nikasema kwa sauti. "Ugali huu umechanganywa na mkia wa mbwa. Kosta, kawaambie wajomba zako."

Kosta alinitazama, machozi yakamlenga, akaenda zake nyuma ya matairi. Nikajiona mjinga. Nilimfuata na sahani yangu nikampa, nikamweleza: mama yako Mhehe, mimi Mngoni, kuanzia leo mimi ni mtani wako, nitakuchokoza na una haki ya kunirudishia, na siku ukiwa na shida mimi ni wako. Alichukua sahani, akala. Siku zilizofuata niliendelea. Nilimfichia buti. Nilimkataza kupita mlangoni mpaka alipe ushuru wa Wangoni. Hakunirudishia hata neno, ila siku moja nilimwona akitabasamu alipogeuka.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Mchana mmoja nilikaa na wenzangu, Mzee Mhema akiwa karibu yangu, nikafungua kibebeo changu cha chakula. Juu ya ugali, amelazwa vizuri kwenye jani la mgomba, alikuwepo panya mkubwa wa stoo, amekufa, mkia umekunjwa kwa heshima.

Nyuma yangu sauti ikasema, wazi kabisa, sauti ile ya kuita breki: "Karibu kitoweo cha kwenu, Mngoni. Nimeona umekonda. Samahani, sikupata chumvi."

Wangoni tunasemwa kwa kula panya, nadhani mnajua. Nilimtazama Mzee Mhema. Sharubu zake zilianza kutetemeka, kisha akaanguka kwenye benchi kwa kicheko, akapiga meza, akapiga paja langu, akasimama na kumshika Kosta mabega yote mawili.

"Kamwene, mpwa wangu!" akasema, hiyo ndiyo salamu ya Kihehe. "Mmeona? Mmeona damu ya Kalenga? Nani mwingine anaweza kumfanyia Mngoni hivi? Mama yako wa ukoo gani, mwanangu? Basi mimi mjomba wako. Na huyu Mngoni akikudai faini, mwambie aje kwangu!"

Nilidai faini, bila shaka. Nilidai mbuzi. Mzee Mhema akakataa kwa niaba ya mpwa wake, tukatukanana mpaka kengele ikagonga, na Kosta alikuwa katikati yetu anacheka. Kilikuwa kicheko kingine, si kile cha mwanzo.

Jioni ile Fidelis alizima gesi yake kama kawaida. "Haya, kupe leo kashiba—"

"Unamwita nani kupe?" Mzee Mhema alikuwa ametoka nje ya stoo, jambo ambalo hakulifanya hata Waziri alipotembelea. "Huyo ni mpwa wangu. Mimi ndugu wa kupe?"

"Mzee, si tunataniana tu. Mbona Ngonyani anamtania?"

"Ngonyani ni mtani wake," akasema Mzee Mhema. "Atamtukana leo na atamzika kesho. Wewe utamzika?"

Fidelis alirudisha miwani yake machoni. Asubuhi iliyofuata alimwita Kosta kwa jina lake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Walikuja kuwa marafiki baadaye, ila ilichukua muda, na ilistahili kuchukua muda.

Msinielewe vibaya. Sisemi utani ni dawa ya ubaguzi. Mwenye chuki na mamlaka hachekeshwi na panya. Kosta aliendelea kwenda kwa Mama Muuguzi karibu mwaka mzima, na zilikuwepo siku mbaya, alizokuwa akija kazini kimya nami nikimpeleka moja kwa moja kwenye breki. Na mimi kuna mzaha mmoja niliuacha. Watu hupenda kuwatania Wahehe kwamba wakikasirika hujinyonga. Tangu nilale chini ya lori lile sijausema tena, na anayeusema mbele yangu namwomba aseme ule wa mbwa.

Lakini nilijifunza hili: kijana anaweza kuyabeba mengi akiwa na watu wa kumjibia. Jina baya linapompata aliye peke yake, analipeleka nyumbani na kulala nalo. Likimpata mwenye wajomba, linagonga wajomba kwanza.

Miaka ile ya sabini ikielekea ukingoni nilihamishiwa Mbeya, kuwa fomeni wa depo mpya. Niliomba nipewe Kosta, ambaye alikuwa ameshafaulu jaribio la ufundi. Alipanga chumba cha uani kwetu Ilomba, na Mama Tumaini akamfanya mwanawe, maana yeye hakuwa na utani naye wa kumsumbua. Watoto wa mtaani walimkimbilia wakiita, "Mzungu! Mzungu!" Yeye aliwapungia mkono na kuwaitikia, "Kamwene!" Baada ya muda mtaa mzima wa Wasafwa na Wanyakyusa ulikuwa ukisalimiana Kihehe. Karani mmoja wa ofisi fulani alimtaka athibitishe kuwa ni raia, akamzungusha wiki nzima. Kosta alirudi nyumbani, akaketi jikoni, akamwambia Mama Tumaini yote. Zamani angekwenda nyuma ya matairi. Nilimpigia Mzee Mhema simu ya depo, na kesho yake alipanda basi kutoka Iringa kuja kusema mbele ya karani yule kwamba huyu ni mpwa wake, na aliyasema kwa Kihehe mpaka karani akachoka.

Kosta alipokuwa fomeni baada yangu aliongeza amri moja juu ya ile ya stendi: hakuna anayeingia chini ya gari bila mwenzake kumwita jina, naye kuitika. Jina lake halisi, si la kubandikwa. Nimesikia bado wanafanya hivyo.

Nimestaafu siku nyingi. Mikono inatetemeka, masikio yanasikia tu ninayotaka. Sikumbuki tena namba za vipuri nilizozijua kama majina ya wanangu.

Mama Tumaini alinitangulia. Tulimzika hapa Ilomba, asubuhi ya ukungu. Sikuwa nimekula, sikuwa nimelia, nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti walichoniwekea. Jeneza lilipofika kando ya kaburi, msafara ukasimama. Ndani ya kaburi kulikuwa na mtu. Vijana wakaanza kunong'onezana, na mjukuu wangu akanivuta mkono.

"Babu, kuna Mzungu mzee amelala kaburini kwa bibi. Tumtoe?"

"Mwacheni," nikasema. "Huyo si Mzungu. Ni mtani wetu."

Nilinyanyuka, nikasogea mpaka ukingoni. Cha kwanza kuona kilikuwa buti zake. Kosta alikuwa amelala chali, nywele nyeupe zimejaa udongo aliouchimba mwenyewe tangu alfajiri, mikono kifuani, macho yake juu.

"We Mhehe," nikamwita. "Umeweka stendi?"

"Nimeweka, Mngoni," akajibu kutoka chini. "Ziko hapo juu zimekuzunguka, zinalia. Ziambie zinyamaze zilete kofia, la sivyo sitoki."

Hapo ndipo nililia, nikacheka, nikalia. Nikavua kofia nikamtupia. Aliivaa, akanyoosha mkono, nami na mjukuu wangu tukamvuta juu. Baada ya mazishi niliomba uji. Kofia hajanirudishia hadi leo, na sina haraka ya kuikomboa.